Karani Asiyeuliza

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa ya karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali. Kila asubuhi tarishi alirudi kutoka posta na mfuko wake, nasi tukafungua bahasha, tukagonga kila barua muhuri wa IMEPOKELEWA, tukaiandika katika daftari, kisha tukaiingiza katika jalada lake. Mkuu wetu alikuwa mzee aliyekaa katika chumba kile miaka mingi kuliko umri wangu wa wakati huo. Alitufundisha mambo mengi, lakini sharti lake kubwa lilikuwa moja: karani anapanga, hahukumu. Barua ambayo hukujua jalada lake hukuitupa wala hukuikisia. Uliiweka katika trei ya mbao pembeni ya meza yake, na kabla ya ofisi kufungwa yeye mwenyewe aliipitia trei yote, barua moja baada ya nyingine.

Nimemkumbuka mzee huyo mara nyingi nikiwa mbele ya kompyuta, kila nilipofungua dirisha la vichujio vya barua pepe. Insha hii ni uhakiki wa dirisha hilo. Huenda msomaji akashangaa. Tumezoea kuhakiki riwaya, diwani na tamthilia. Dirisha la programu lina nini cha kuhakikiwa? Jibu langu ni kwamba dirisha hilo nalo limeandikwa na watu. Lina msamiati wake na sarufi yake, na humfundisha anayelitumia namna fulani ya kuwatazama wale wanaomwandikia. Mimi lilinifundisha vibaya, na gharama yake nitaieleza.

Tuanze na kile kinachochujwa. Kila barua pepe ina sehemu mbili: kiwiliwili, ambacho ndicho tunachokisoma, na kichwa, ambacho programu nyingi hutuonyesha kipande chake tu. Muundo wa kichwa hicho uliwekwa katika waraka uitwao RFC 822, uliotolewa Agosti 1982. Umefanyiwa marekebisho mwaka 2001 na tena mwaka 2008, lakini mtu aliyepita masijala hawezi kupotea ndani yake. Mstari wa Kutoka ni anwani ya mwandishi, na mstari wa Kwa ni anwani ya mwandikiwa. Mstari wa mada ndio YAH: yetu ya barua rasmi. Upo mstari wa nakala. Upo mstari uitwao Message-ID, ambao ni sawa na Kumb. Na., kwa kuwa kila barua hupewa namba yake isiyofanana na ya nyingine. Na ipo mistari iitwayo Received, ambayo ndiyo mihuri yenyewe. Kila seva inayoipokea barua njiani hugonga muhuri wake na kuuweka juu ya ule uliotangulia, kiasi kwamba anayetaka kujua safari ya barua ilikoanzia hana budi kuisoma mihuri kutoka chini kwenda juu.

Walakini kichwa si bahasha, na hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Seva zinapopokezana barua huambiana kando ni nani apelekewe. Maelezo hayo ndiyo bahasha, na barua ikishafika, orodha hiyo ya wapelekewa haina kazi tena. Kinachobaki mkononi mwetu ni karatasi ya ndani, na yaliyoandikwa juu ya karatasi hiyo si lazima yalingane na yaliyokuwa kwenye bahasha. Mwandishi anaweza kuandika jina la mtu mwingine mahali pa jina lake. Waraka wa mwaka 1982 haukuweka cha kumzuia. Anaweza pia kunipelekea nakala ya siri, nami nikaipata barua ambayo jina langu halionekani popote juu yake. Naomba msomaji alishike jambo hili la mwisho, maana nitalirudia.

Programu ya kwanza niliyoizoea ni Eudora. Steve Dorner aliianza mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha Illinois, akaipa jina la mwandishi Eudora Welty, aliyetunga hadithi fupi kuhusu mwanamke anayegombana na watu wa nyumbani kwao akahamia kuishi posta. Baadaye programu iliingia mikononi mwa kampuni ya Qualcomm, ambayo mwaka 2006 iliamua kutoiendeleza tena, na mwaka 2018 Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta huko California lilitoa hadharani maandishi yake ya ndani ili anayependa ayasome. Dirisha lake la vichujio lilikuwa dogo. Ulichagua mstari wa kichwa, ukachagua kama unatakiwa uwe na neno fulani au usiwe nalo, na uliruhusiwa masharti mawili tu. Lakini kati ya masharti hayo mawili uliweza kuweka kiungo, na miongoni mwa viungo vyake palikuwa na neno ambalo sijalikuta tena: isipokuwa. Barua yenye neno hili iende kule, isipokuwa imetoka kwa fulani. Mtu akiandika kanuni namna hiyo, hata kama ni ya kutupa takataka, analazimika kusita kidogo na kujiuliza ni nani huyo anayepaswa kusamehewa.

Baada ya Eudora nilihamia Mozilla Thunderbird, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, na ndiyo ninayoitumia hata leo. Hapa masharti hayana kikomo cha viwili. Unaweza kuyapanga kumi, ukasema yote yatimie au lolote litimie. Unaweza kuuliza kama mwandishi yumo katika kitabu chako cha anwani. Unaweza hata kuongeza mstari wowote wa kichwa usiokuwa katika orodha, kwa kuuandika jina lake mwenyewe. Kwa uwezo, imeipita Eudora mbali. Lakini isipokuwa haimo. Anayeitaka hulazimika kuizunguka: ama aongeze sharti la kukanusha, ama aandike kanuni nyingine, aiweke juu ya ile ya kwanza, na kuiamuru programu isiendelee na kanuni zilizo chini. Inawezekana, na nitaonyesha kwamba inafaa. Ila jambo ambalo lugha ya dirisha inalisema kwa neno moja, na jambo ambalo mtumiaji analazimika kulijenga kwa hila, si jambo moja. Lile la pili wengi hawatalijenga.

Nisije nikaonekana mchoyo wa shukrani. Vichujio hivi vikiulizwa swali ambalo kichwa cha barua kinaweza kulijibu kwa uaminifu, hufanya kazi nzuri ajabu. Mfano bora ni barua za makundi, zile zinazotumwa kwa watu mia kwa pamoja. Zamani tulizichuja kwa kutazama mada, tukitafuta jina la kundi ndani ya mabano, na kila mtu aliyebadilisha mada alituvurugia majalada. Machi 2001 ulitoka waraka RFC 2919 uliopendekeza mstari uitwao List-Id, ambao programu inayoendesha kundi huuweka yenyewe katika kila barua. Mada ibadilike, mwandishi abadilike, mstari huo hubaki vilevile. Kanuni moja inayoutazama mstari huo hukaa miaka bila kukosea. Hiyo ni Kumb. Na. ya kweli, na mzee wangu wa masijala angeikubali bila kuuliza.

Taabu huanza pale tunapokiacha kichwa kinachojua, tukaanza kukisia kwa maneno. Katika miaka ile ambayo barua taka zilitufurika, mtu mmoja alinipa orodha ya maneno ya Kiingereza ya kuchuja katika mada: win, sale, bet na mengineyo. Niliyaingiza yote nikalala usingizi mnono. Sikufikiri kwamba dirisha linaposema "ina", halimaanishi kuwa na neno. Linamaanisha kuwa na herufi hizo zikifuatana, popote zilipo, kubwa au ndogo. Sasa tazama. Herufi za win zimo ndani ya Mwinyi. Zimo ndani ya mwingine, mwingi na kwingineko. Herufi za sale zimo ndani ya Salehe. Na bet? Imo ndani ya betri, imo ndani ya Elizabeti, na imo ndani ya beti, zile za ushairi. Rafiki aliyenitumia shairi lake ili nilitazame, akaandika katika mada "Beti mbili za mwisho", alihesabiwa mcheza kamari. Mwaliko wenye mada "Mkutano mwingine" uliwekwa pamoja na matangazo ya bahati nasibu.

Mtu anaweza kuyacheka haya, nami nimeyacheka. Lakini ndani yake lipo jambo la kuhakikiwa. Orodha ile iliundwa na mtu aliyekuwa na Kiingereza kichwani, na katika Kiingereza labda inavumilika. Katika lugha yetu, ambayo huunganisha viambishi na mizizi ikajenga maneno marefu, kipande cha herufi tatu kinaweza kutokea mahali pasipotarajiwa kabisa. Chujio halijui lugha, wala halijui mpaka wa neno. Na dirisha halikunionya, kwa sababu kwa dirisha hapakuwa na lugha. Palikuwa na herufi tu.

Nafika sasa kwenye kosa ambalo sijalicheka.

Mwaka 2011, nikitumia programu ambayo sina haja ya kuitaja, maana kosa lilikuwa langu, niliandika kanuni niliyoiona ya busara kuliko zote. Ilisema: barua yoyote ambayo anwani yangu haimo katika mstari wa Kwa wala wa Nakala, ifutwe. Hoja yangu ilikuwa nyepesi. Anayeniandikia mimi ataandika jina langu. Asiyeandika jina langu anawaandikia maelfu. Na kwa wiki chache kikasha changu kilikuwa safi kama meza ya mkurugenzi. Nilijisifu. Niliwapa hata wenzangu kanuni hiyo.

Yule mzee wa masijala alikuwa amekwisha kustaafu zamani, akarudi kijijini kwake. Aliugua. Mwanawe, kijana mwenye adabu, alikusanya anwani za watu waliowahi kufanya kazi chini ya baba yake, akatuandikia sote barua moja. Na kwa kuwa alikuwa na adabu, hakutaka kuzianika anwani zetu mbele ya watu tusiojuana, akatuweka sote katika nakala ya siri. Katika mstari wa Kwa aliandika anwani yake mwenyewe. Alisema mzee anawataja watu wake wa zamani kwa majina, na kwamba anayeweza kufika afike mapema. Nilikuwa mmoja wa waliotajwa.

Barua hiyo niliikuta majuma sita baadaye, nilipokuwa nikitafuta risiti katika folda ya vilivyofutwa. Mzee alikuwa amezikwa majuma manne kabla ya siku hiyo. Wenzangu wawili walikuwa wamefika. Waliniambia baadaye kwamba aliniulizia, nao wakamjibu kuwa bila shaka niko safarini.

Nimeichunguza kanuni yangu mara nyingi tangu siku hiyo. Haikuwa na hitilafu. Ilifanya sawasawa nilichoiamuru, na hapo ndipo uhakiki wangu unapoanza kuwa mzito. Niliiuliza karatasi ya ndani swali ambalo ni bahasha tu ingeweza kulijibu. Mstari wa Kwa haunielezi barua imeletwa kwa nani. Hunieleza mwandishi alichagua kuandika nini mahali hapo. Nilichukua adabu ya kijana yule nikaihesabu ujanja wa tapeli, kwa sababu juu ya karatasi vitu hivyo viwili hufanana.

Lakini silibebi kosa lote peke yangu, maana madirisha haya nimeyatumia kadhaa na yote yana kasoro ileile. Baada ya kuandika masharti, unafungua orodha ya vitendo: hamisha, nakili, weka alama, tia kama imesomwa, futa. Vitenzi vyote vimepangwa safu moja, kwa herufi za ukubwa mmoja, kana kwamba ni ndugu. Si ndugu. Kuhamisha ni kazi ya karani. Barua ikihamishwa kimakosa, ipo, na utaikuta siku ukifungua jalada. Kufuta ni hukumu, na hukumu hutaka ushahidi ambao kichwa cha barua aghalabu hakina. Dirisha lililoandikwa vizuri lingevitenganisha vitenzi hivyo viwili. Lingekuuliza, kabla ya kukubali futa, kama kweli uko tayari kutoiona tena barua ambayo hujaisoma. Wala halitoi taarifa. Thunderbird ina daftari la kumbukumbu za vichujio, lakini lazima mtumiaji alifungue dirishani na kuliamuru lianze kuandika. Asipofanya hivyo, karani hufanya kazi kimya. Hata tarishi wa ofisi yetu alikuwa na kitabu cha kutilia saini.

Wapo watakaoniambia kwamba nahakiki maiti, kwamba siku za kanuni za mkono zimepita. Hoja yao ina nguvu. Agosti 2002 Paul Graham aliandika makala mashuhuri akionyesha kwamba barua taka hunaswa vizuri zaidi kwa takwimu kuliko kwa kanuni: programu ihesabu maneno katika barua zote ulizozikubali na ulizozikataa, kisha ipime kila barua mpya kwa uwezekano. Ni kweli kabisa, na katika kupambana na takataka njia hiyo ilitupumzisha. Kwa upande wa majina ya kughushi, zilikuja baadaye mbinu za SPF na DKIM ambazo huiwezesha seva kupima kama barua imetoka kweli katika kikoa inachokidai. Tena, kuchuja kwenyewe kumehamia kwenye seva. Lugha ya Sieve, iliyowekwa katika waraka wa mwaka 2001, ilikuwa na lengo hilohilo, nalo ni jambo jema, kwa sababu kichujio cha kwenye kompyuta ya mezani hufanya kazi programu inapokuwa wazi tu, na kompyuta ikiharibika huenda nayo. Leo watu wengi husoma barua kwenye simu, na aliyezichambua kabla hawajaziona ni mtoa huduma.

Nayakubali yote hayo, ila natoa angalizo moja. Kanuni yangu mbovu ya mwaka 2011 ilikuwa na sifa ambayo mashine ya takwimu haina: ilisomeka. Siku nilipoikuta barua ya kijana yule nilifungua dirisha, nikaisoma kanuni yangu kwa mistari miwili, nikajua ni nani aliyekosa na kwa nini. Barua inapopotea leo katika folda ya taka ya mtoa huduma, humwoni wa kumuuliza wala sentensi ya kuisoma. Unaambiwa tu kwamba ilifanana na nyingine. Kosa ninaloweza kulisoma ninaweza kulijutia, na ninaweza kulirekebisha.

Kwa hiyo sikuvitupa vichujio. Nilivipanga upya, na huu ndio mpangilio ninaoutumia hadi sasa. Kanuni ya kwanza, juu kabisa, inasema: kama mwandishi yumo katika kitabu changu cha anwani, barua ibaki kikashani na kanuni nyingine zote zisiiguse. Hiyo ndiyo isipokuwa yangu, iliyojengwa kwa hila. Kanuni zinazofuata hutazama List-Id na kupeleka barua za makundi katika majalada yao. Ya mwisho hushika zile ambazo jina langu halimo, lakini haizifuti. Huzihamishia katika folda niliyoiita Trei. Hakuna kanuni yangu hata moja yenye neno futa. Kufuta nafuta mwenyewe, kwa mkono, baada ya kusoma jina la mwandishi na mada.

Kijana yule hakuwamo katika kitabu changu cha anwani. Nilikuwa sijawahi kupata barua yake. Kanuni ya kwanza isingemwokoa. Trei ingemwokoa, mradi niipitie. Basi kila jioni kabla ya kuzima kompyuta naifungua, naipitia barua moja baada ya nyingine. Nyingi ni takataka tupu: mikopo, dawa, urithi wa wafalme nisiowajua. Kazi hiyo hunichukua kama dakika nne. Mzee alikuwa akitumia muda mrefu zaidi, akiwa amevaa miwani yake ya kamba, na sikumbuki hata siku moja aliyoondoka kabla trei haijawa tupu.